Malipo ya CFAP 2: mbona hayalingani na mauzo yetu?

Swali: Tunalima mboga karibu na Lewiston, Maine. Mwaka 2020 tuliomba CFAP 2, ile fedha ya Idara ya Kilimo ya Marekani kwa wakulima walioathiriwa na korona. Mauzo yetu ya 2019 yalikuwa dola 62,000, zikiwemo 9,000 za pilipili ya kusaga ya chupa na 5,000 za mahindi tuliyonunua kwa jirani tukayauza. Nikipiga kiwango chao cha asilimia 10.6 napata 6,572, ila zimeingia 5,088. Tumepunjwa? Na ofisi ya FSA, wakala wa Idara hiyo anayesimamia malipo haya, inataka vielelezo, nipeleke nini?

Jibu: Hamkupunjwa, ndugu yangu. Toa nakala ya fomu ya maombi AD-3117 mliyosaini uangalie mliandika mauzo kiasi gani. Hesabu inaonyesha ni 48,000, kwa kuwa asilimia 10.6 yake ni 5,088 kamili.

Mboga zililipiwa kwa mauzo ya 2019, si kwa ekari. (Dola 15 kwa ekari zilikuwa za mazao kama karanga na mpunga.) Kilichohesabiwa ni zao ghafi ulilolima mwenyewe. Mahindi ya jirani yanatoka yote. Kwenye chupa inatoka ile sehemu ya bei iliyoongezwa na kusaga na kufungasha. Thamani ya pilipili mbichi ingeweza kubaki, mradi uwe na namna ya kuionyesha. Wengine waliiondoa yote, na kwa shamba dogo sioni ubaya. Ndivyo zinavyobaki 48,000: 62,000 kutoa 9,000 na 5,000.

Hata 62,000 nzima isingeleta 6,572, kwani viwango vilikwenda kwa ngazi kama kodi ya mapato. Dola 49,999 za kwanza zililipwa asilimia 10.6, yaani 5,299.89, zile 12,001 zinazobaki zingelipwa 9.9, yaani 1,188.10. Jumla 6,488. Mngesaini 62,000 mngekuwa mnadaiwa kurudisha 1,400 sasa hivi.

Kwa hiyo thibitisha 48,000, usiende kutetea 62,000. Fomu ya kodi ya mapato ya shamba, Schedule F, peke yake itakuponza, maana imechanganya chupa, mahindi na mboga kwenye jumla moja. Peleka stakabadhi, ankara za mikahawa, daftari la soko na hati za kuweka fedha benki, zote za Januari hadi Desemba 2019.

Daftari ndilo hukwamisha watu. Mstari wa "Jumamosi, 640" haumsaidii mkaguzi. Unaosomeka ni huu: tarehe, sukuma wiki mafungu 80 kwa dola 3, nyanya ratili 100 kwa dola 4, jumla 640, kisha hati ya benki ya Jumatatu yenye kiasi hicho. Kama mlitoa 60 kulipa kibarua kabla ya kuweka, hati itasoma 580, basi andika hiyo 60 pembeni na sababu yake. Usiandike daftari jipya leo kwa kalamu moja. Linajulikana likifunguliwa tu. Kwa wiki zisizo na daftari, panga hati za benki kwa wiki na uambatishe risiti za ada ya meza sokoni.

Kodi nayo: malipo haya ni mapato ya mwaka mlioyapokea. Huja na fomu 1099-G, taarifa ya malipo kutoka serikalini, nayo huingia Schedule F mstari wa 4a na 4b, na kodi ya waliojiajiri inayagusa pia.