Zawadi ya Kila Siku: Wanaoanza Kutengeneza Gemu Hukosea Hapa

Michoro humfanya mtu apakue gemu. Kinachomrudisha kesho ni kile seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha gemu, inachomtunzia: kiwango alichofika, wenzake wa kikosi, zawadi inayomsubiri. FarmVille, gemu ya kilimo ya mwaka 2009, ilifanya hivyo kwa ukali: ukichelewa kuvuna, mazao yananyauka.

Wewe unayeanza hapa Arusha, anza na zawadi ya kila siku. Usiiamini saa ya simu. Mchezaji akiisogeza mbele siku saba, anabeba zawadi za wiki nzima akiwa amekaa kijiweni. Siku ihesabiwe na seva. Hapo kuna mtego mwingine: seva nyingi hufuata UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo siku yake hugeuka saa 9 usiku kwetu. Kijana wa Ngarenaro kacheza Ijumaa jioni, akacheza tena saa 8 usiku. Kwake hiyo ni Jumamosi. Kwa seva bado Ijumaa. Jumamosi kutwa yuko kazini, jioni kachoka, kalala. Jumapili anakuta mfululizo wake wa siku 20 umerudi sifuri. Huyo halalamiki, anafuta gemu tu. Basi hifadhi muda kwa UTC, ila siku uihesabu kwa Africa/Dar_es_Salaam (jina la saa zetu kwenye kodi), na uweke siku moja ya msamaha kila wiki. Umeme hukatika, bando huisha.

Bando lenyewe lihurumie. Gemu inayoiuliza seva kila sekunde 5 hutuma maombi 720 kwa saa, mengi yakirudi bila jipya. Uliza mchezaji anapofungua ukurasa husika, inatosha.

Mtandao ukikatika baada ya kubonyeza "Chukua", simu hutuma ombi upya. Kila ombi lipe namba yake ya pekee, seva ikumbuke namba ilizokwisha kuzilipa, la sivyo sarafu zitatoka mara mbili.

Masanduku ya bahati, yale mchezaji anayolipia bila kujua ndani kuna nini, yaache. Ubelgiji iliyahesabu baadhi yake kuwa kamari mwaka 2018, na kusema kweli hayapo mbali nayo.

Arifa: tangu Android 13, lazima uombe ruhusa. Usiombe gemu inapofunguka mara ya kwanza, mtu bado hajui atapata nini. Subiri ashinde raundi moja. Kisha tuma moja tu kwa siku, yenye habari ndani. "Kikosi chako kinacheza saa 2 usiku" hufunguliwa. "Tumekumiss" huzimwa.