Pripregi ya mwelekeo mmoja: bomba limepasuka kwa urefu, tatizo si bidhaa uliyouziwa

Mkuu uliyeuliza kuhusu bomba la mkono wa droni, nimekusoma vizuri. Umeviringisha matabaka 8 ya pripregi ya kaboni (nyuzi zilizokwisha kulowanishwa resini, gundi inayokomaa kwa joto) ya mwelekeo mmoja, yaani nyuzi zote zinalala upande mmoja, na zote zikifuata urefu wa bomba. Ulipojaribu kulipinda halikutikisika, lakini ulipokaza klampu ya mota likapasuka kutoka ncha hadi ncha. Sasa unashuku umeuziwa mzigo mbovu. Sidhani. Mimi nilivunja boriti ya mkia wa ndege ndogo isiyo na rubani kwa kosa hilohilo, na mzigo wangu ulikuwa mzima kabisa.

Tazama mwanzi. Kuuvunja kwa kuupinda ni kazi, lakini gusa ncha yake kwa panga uone unavyopasuka wenyewe kufuata nyuzi. Tabaka la pripregi hii ndivyo lilivyo. Kwa kufuata nyuzi, ukakamavu wake ni gigapaskali 135 hivi. Kwa kukingama nyuzi ni kama 9 tu. Kwenye uimara pengo ni kubwa zaidi: upande mmoja ni zaidi ya megapaskali 2,000, upande wa pili ni 50 hadi 80, kwa sababu huko hakuna uzi unaoshika, epoksi, yaani resini yenyewe, iko peke yake. Klampu ilipobana, bomba likataka kugeuka umbo la yai, na ukuta wake ukapindwa kwa upande ule ambao hukuuwekea hata uzi mmoja. Mimi nilipiga hesabu ya kupinda tu, nikasahau kwamba ndege ikitua vibaya mkia husokotwa pia.

Kitambaa cha kaboni kilichofumwa kinakusamehe makosa haya kwa kuwa nyuzi zake zinakwenda pande zote mbili. Lakini kila uzi wake unapanda na kushuka juu ya mwenzake, na uzi usionyooka hupoteza nguvu, hasa unaposukumwa badala ya kuvutwa. Ndiyo maana sikushauri urudi kwenye kitambaa. Baki na pripregi, badilisha mpangilio.

Kwa bomba kama lako, matabaka yakiwa na gramu 150 za nyuzi kwa mita ya mraba, kila moja lina unene wa milimita 0.14 hivi. Mimi ningeanza na tabaka moja la digrii 90 (nyuzi zikizunguka bomba) ndani kabisa, kisha mawili ya digrii 0 (zikifuata urefu), halafu jozi ya 45 kulia na 45 kushoto kwa ajili ya msokoto, kisha mengine mawili ya 0, na kufunga na 90 nje. Bado ni 8, uzito ni uleule. (Nasema digrii makusudi, maana neno nyuzi hapa tumeshalipa kazi nyingine.) Ukakamavu wa kupinda utapungua, ndiyo, lakini klampu itakuwa na kitu cha kushika. Jozi ya 45 usiivunje kamwe: ukiweka ya kulia bila ya kushoto, bomba likivutwa kwa urefu litajisokota.

Na kata kwa rula ya chuma, usikadirie kwa jicho. Tabaka la 0 likikaa kombo kwa digrii 5 tu, ukakamavu wake kwenye mhimili wa bomba unashuka kama asilimia 15. Likifika digrii 10, umepoteza karibu asilimia 40. Hakuna resini itakayokurudishia hiyo.

Umetaja pia vitundu vidogo kwenye uso, na kwamba unatoa rola ya pripregi kwenye friza na kuanza kukata papo hapo. Hapa naomba unisikilize sana. Pripregi inakaa kwenye digrii 18 chini ya sifuri ili resini isianze kukomaa. Ukifungua mfuko ikiwa bado baridi, unyevu wa hewani unageuka matone juu yake kama jasho kwenye chupa, nawe unaufungia katikati ya matabaka. Ukioka kwa digrii 120 za sentigredi, mvuke wa maji una shinikizo la karibu bari 2. Mfuko wa ombwe, ule unaonyonywa hewa ili ubane matabaka, unasukuma kwa bari 1 tu, kwa hiyo mvuke unashinda na kuacha vitundu. Wenye otoklevu (oveni ya shinikizo) wanabana kwa bari 6 au 7, wanaweza kuuzima. Sisi wa oveni hatuna nguvu hiyo. Acha rola ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ifikie joto la chumba, hata kama ni kulala hadi kesho, na nje ya mfuko pawe pakavu ndipo ufungue. Andika pia saa ilizokaa nje ya friza, kwa sababu zinajumlishwa na hazifutiki ukiirudisha.

Nondo ya alumini uliyotumia kuviringishia bomba inafaa. Inatanuka kwenye oveni, ikipoa inasinyaa kuliko kaboni, na bomba linatoka bila nyundo. Ila mota ikifungwa kwa kipande cha alumini, weka tabaka jembamba la nyuzi za kioo (fibaglasi) kati yake na kaboni, la sivyo unyevu ukiingia alumini italiwa na kutu.

Hesabu karatasi na plastiki za mgongoni mwa pripregi unazobandua, uzipange mezani. Matabaka 8 yawe na mabaki 8 ya kila aina. Niliwahi kuoka paneli yenye plastiki iliyobaki katikati, ikafunguka kama daftari.

Tengeneza kwanza kipande kifupi, ukikate kwa msumeno wa meno madogo ukiwa umevaa barakoa, usugue ncha kwa msasa wa maji na uiangalie kwa lenzi. Ukiona madoa meusi kati ya matabaka, yaani vitundu, tuma picha hapa kabla hujaviringisha lingine.