Epoksi na fibaglasi kwenye boti ya plaiwudi

Kaka, umeuliza kama kupaka epoksi mara mbili kunatosha kuziba boti ya plaiwudi ya mita 4. Hakutoshi. Epoksi tupu hupasuka kwenye maungio. Kinachoishika ni kitambaa cha fibaglasi. Ila kama chombo ni dau la mbao zilizokalafatiwa (nyufa zake kuzibwa kwa pamba), achana na fibaglasi kabisa. Mbao zile hutanuka na kusinyaa, ganda linabanduka, maji yanakaa katikati na kuozesha. Huko endelea na pamba na deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa).

Plaiwudi iwe kavu, unyevu chini ya asilimia 15. Fanya kazi wakati wa kaskazi, bandani, si kipindi cha masika. Zungusha kona kwa msasa, kitambaa hakilali kwenye ncha kali. Maungio ya ndani jaza epoksi iliyokorogwa na unga laini wa mbao.

Epoksi ya kwanza paka jioni joto likishuka. Ukipaka asubuhi, mbao inapopata joto hewa iliyomo hutanuka na kukutolea mapovu.

Nunua kitambaa kilichofumwa cha gramu 200 kwa mita mraba. Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa ni wa kutumiwa na resini ya poliesta; gundi inayoshika nyuzi zake kwa kawaida haiyeyuki kwenye epoksi. Kwa nje, kama mita mraba 7, tenga kilo 5 za epoksi.

Vipimo vya epoksi kwa hadina (kikaushio chake) fuata vya mkebe, 2 kwa 1 au 5 kwa 1. Vikiwa vya ujazo, usipime kwa mizani. Kuzidisha hadina hakuharakishi, kunaacha ganda laini milele. Kwa joto la Mombasa chukua hadina ya polepole, changanya gramu 200 tu na umimine kwenye sinia pana. Ikibaki kikombeni itachemka na kufuka moshi. Glavu ni lazima.

Kitambaa kikilowa huwa hakionekani. Penye weupe pana ukavu. Kamua ziada kwa kipande cha plastiki, la sivyo kitaelea. Kabla haijakauka, bado inanata, ongeza epoksi mara mbili kufunika mfumo wa nyuzi. Ikishakauka, osha utelezi unaojitokeza juu yake kwa maji na sponji kabla ya msasa namba 80, maana msasa huuzamisha. Halafu rangi, kwani jua huila epoksi.

Matundu ya bolti za injini ndiyo huanza kuoza: kwa bolti ya milimita 8 toboa 14, jaza epoksi nzito, ikauke, kisha toboa 8 katikati.