Bitana ya vipande haikai sawa na uso wa mfarishi

SWALI: Ndugu Mhariri wa safu ya ushonaji, nimemaliza uso wa mfarishi wa viraka wenye upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 190. Kitambaa cha bitana, yaani cha upande wa nyuma, hakikutosha, kwa hiyo niliunga vipande viwili vikubwa na kuweka kati yao mkanda wa viraka vilivyobaki, unaoshuka kutoka juu hadi chini. Ningependa mkanda huo ukae nyuma ya safu ya kati ya viraka vya mbele. Nimetandaza sakafuni mara mbili na kulinganisha kingo za bitana na za uso, na mara zote mbili mkanda umekwenda upande. Nikishaweka pamba juu ya bitana, sioni tena kilichoko chini. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kinachokupoteza ni hizo kingo. Kingo za bitana zitakatwa zote kazi ikiisha, na katika bitana iliyoungwa ni nadra zikawa zimenyooka, kwa sababu mishono 10 yenye kosa la milimita 2 kila mmoja yatosha kusogeza ukingo kwa sentimita 2 nzima. Mimi pia niliwahi kufuata kingo, na nilipokata ziada niliona mkanda wangu uko karibu na pindo kwa vidole viwili zaidi upande wa chini kuliko wa juu. Mfarishi ule ulikuwa umekwisha kushonwa wote, na hapakuwa na la kufanya. Tangu hapo napima kutoka katikati tu.

Katikati ninayoisema ni ya mkanda, hata kama siyo ya bitana yenyewe. Kunja bitana kwa urefu ukifuata katikati ya mkanda, kisha piga pasi mpaka mkunjo uonekane wazi. Kutoka mkunjo huo pima kila upande: unahitaji sentimita 75, ambazo ni nusu ya upana wa uso wa mfarishi, na sentimita 10 za ziada. Ikiwa upande mmoja haufiki 85, ongeza kipande sasa, maana hitilafu hii ndiyo humlazimisha mshonaji kuvuta bitana kando bila kujua. Uso nao ukunje kwa urefu katikati ya safu ya kati, ukapige pasi vivyo hivyo.

Tandaza bitana sakafuni, upande wake mzuri ukitazama chini, na ubandike kingo zake kwa utepe wa gundi. Inyooke bila kuvutwa. Kitambaa kilichovutwa hurudi mahali pake utepe ukitolewa, na hapo ndipo makunyanzi huzaliwa. Kabla ya kuleta pamba, weka alama ya chaki au kipande cha utepe kwenye sakafu yenyewe, penye ncha mbili za mkunjo, na nyingine mbili kulia na kushoto penye nusu ya urefu. Alama hizi zitabaki zikionekana pamba itakapofunika kila kitu. Sasa tandika pamba, uilainishe kwa viganja kutoka kati kwenda nje, halafu nyoosha uzi wa rangi kali kutoka alama ya juu hadi ya chini na kuubandika ncha zote mbili. Leta uso ukiwa bado umekunjwa kwa urefu, upande mzuri ukiwa ndani, ulaze mkunjo wake juu ya uzi, kisha fungua nusu ya pili polepole. Kisha vuta uzi kwa ncha moja utoke.

Bandika pini kwenye mstari wa kati peke yake, halafu jaribu kwa sindano. Chukua sindano ndefu, ichomeke wima mahali ambapo pembe nne za viraka hukutana, toa utepe wa upande mmoja na uinue bitana uone ncha imetokea wapi. Fanya hivyo karibu na juu, katikati, na karibu na chini. Tofauti ya milimita 2 au 3 iache. Hakuna jicho litakaloiona. Ikiwa imefika upana wa kidole, ng'oa pini usogeze uso, hata kama mikono imechoka. Ukiridhika, rudisha utepe, kisha piga bandi (mishono mirefu ya muda) au weka pini kila baada ya sentimita 10, ukitoka kati kwenda pembeni, na mstari wa kwanza wa cherehani upite katikati, kwa kuwa meno ya cherehani husukuma kitambaa cha chini zaidi kuliko cha juu.

Hata hivyo, nakusihi usitafute kulinganisha kila mshono wa nyuma na wa mbele. Mishono ikilaliana hufanya uvimbe ambao sindano hugoma kuupita, na ndiyo sababu mishono ya bitana hupigwa pasi ikiwa imefunguliwa pande mbili. Kwa mfarishi ujao ningeuweka mkanda kando waziwazi, penye theluthi moja ya upana, ambako hakuna anayetarajia ulingane na chochote. Kumbuka tu kwamba bitana hutazamwa kutoka nyuma: mkanda unaoutaka nyuma ya viraka vya kushoto utaonekana kulia mfarishi ukigeuzwa.

SWALI: Natuma mfarishi wangu kwa fundi mwenye mashine ya fremu, ile inayoshona mfarishi ukiwa umezungushwa kwenye mihimili. Je, mshono wa bitana ukae wima au ulale?

JIBU: Ulale sambamba na mhimili ambao bitana huzungushiwa. Mshono wa wima hujirudia mahali pale pale kila mzunguko, uvimbe unakua, na kitambaa cha pembeni hulegea. Mwachie fundi walau sentimita 10 za ziada kila upande, weka alama ya katikati kwenye ukingo wa juu na wa chini wa bitana na wa uso, na kama unataka michoro ilingane mwambie kabla hajaanza, kwa sababu katika fremu katikati ya upana hushikika vizuri, lakini urefu hupungua kidogo kidogo kadiri ushonaji unavyoshuka.