Mtoto kachanjwa, mbona bado ana mafua?

Dada wa Newala, umeuliza kama kuna haja ya kumpeleka mwanao kliniki wiki ya 10, maana wa jirani alichanjwa na kamasi hazikomi. Mpeleke. Mafua mengi huletwa na virusi, na sindano za wiki hiyo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Ya nimonia inamlenga bakteria aitwaye nyumokokasi. Penta, ile sindano moja ya magonjwa matano, mbali na pepopunda na kifaduro, inamkinga na bakteria mwingine aitwaye Hib. Hao wawili ndio huleta kichomi kikali na homa ya uti wa mgongo.

Kilichowasumbua watafiti ni ganda la sukari la bakteria hao. Kinga ya mtoto wa chini ya miaka 2 haiijali sukari tupu, basi wakaifunga na protini, kinga ikazinduka. Nyumokokasi ana maganda ya aina zaidi ya 90, chanjo inabeba chache tu, ndiyo maana watafiti bado wako maabara.

Wiki ya 14, ya dozi inayofuata, ikikukuta shambani kwenye mikorosho, kadi iwe kwenye mkoba, zahanati ya huko itamchoma. Ila akihema haraka, mbavu zikibonyea ndani, au utosi ukivimba, usingoje kuche, awe amechanjwa au la.