Usimuue kwa huruma: kumwokoa farasi aliyechakazwa na safari ndefu

Mpanda farasi wa masafa marefu akiingia Salgaa, mji mdogo kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, jioni na farasi wake wawili, mmoja wa kupanda na mmoja wa mizigo, watu hukimbilia kupiga picha. Huku kwetu tumezoea punda. Farasi ni mgeni. Ndiyo maana anaweza kupita mbele ya umati akiwa amebakiza pumzi tu na hakuna anayeng'amua, kwa kuwa tandiko na blanketi vimefunika kila kitu kibaya. Makala hii ni ya yule atakayeinua blanketi. Na kama utasahau mengine yote, shika hili: farasi aliyekondeana akinusurika mikononi mwa aliyemtesa, anaweza kufa siku ya tatu au ya nne mikononi mwa aliyemwokoa, kwa sababu ya chakula alichopewa kwa upendo.

Anza kwa kumwomba mwenyewe afungue tandiko. Akisita, umeshapata jibu la kwanza. Pitisha kiganja mgongoni na mbavuni, usitegemee macho: farasi aliyelala nje kwenye baridi ya Molo huota manyoya marefu yanayoficha mifupa. Wafugaji wa farasi hutumia kipimo cha Henneke cha mwaka 1983, kuanzia 1 hadi 9. Farasi mzima yuko kwenye 5, mbavu huzioni lakini unazigusa. Kwenye 1, uti wa mgongo umesimama kama ukingo wa paa, mifupa ya nyonga imechomoza, na pembeni mwa mkia kuna mashimo. Kisha funua mdomo ubonyeze ufizi kwa kidole: weupe unaobaki uondoke na damu irudi kabla ya sekunde 2. Mapigo ya moyo ya farasi aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, na joto la mwili halizidi nyuzi 38.5. Moyo ukipiga 60 na farasi amesimama tu kivulini, huyo hapaswi kupiga hatua nyingine barabarani.

Safari humchakaza hivi. Farasi hacheui kama ng'ombe. Tumbo lake ni dogo na limeumbwa kupokea nyasi kidogo kidogo kwa saa 10 na zaidi kwa siku. Anayetembezwa kutwa na kufungwa kamba usiku kando ya lami hapati saa hizo, hata kama nyasi zipo. Ongeza mwinuko: kutoka Nakuru hadi Eldoret ni kilomita zipatazo 155, na unapita Timboroa, juu ya mita 2,500. Ongeza uzito: mpanda, tandiko, maji na mizigo kwa jumla visizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 350 mwisho wake ni kilo 70, na wanaume wengi huzipita hizo kabla hata ya kushika tandiko.

Sasa mwenyewe. Wengi wao si wakatili, ni watu waliojua kupanda tu bila kujua kufuga, na wanaona aibu kuacha safari waliyoitangaza. Kwa hiyo mpe njia ya kutokea. Mwambie kwa upole, mbele ya mzee mmoja anayeheshimika, "Ndugu yangu, hawa hawafiki Eldoret. Waache hapa watibiwe, wewe panda matatu." Wengi hukubali wakiona hawatazomewa. Usiwanunue, tunasema hili kwa msisitizo, maana pesa yako itanunua farasi wengine wawili mbele ya safari na mateso yataendelea. Mwombe akuandikie barua ya kukabidhi: tarehe, rangi na alama za kila farasi, jina lake, nambari ya kitambulisho au pasipoti, sahihi yake na ya mashahidi wawili, mmoja wao chifu au naibu wake. Bila barua hiyo, wiki mbili baadaye anaweza kurudi na kusema umemwibia.

Akikataa, usimnyang'anye. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inataja waziwazi kumpanda mnyama kupita kiasi, kumnyima chakula, na kumtumia akiwa mgonjwa au ameumia. Piga picha zenye tarehe kabla vidonda havijasafishwa, nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio, mwite daktari wa mifugo wa kaunti aandike ripoti, na uwaarifu KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, ambao makao yao yako Nairobi. Ripoti ya daktari ndiyo uti wa kesi. Na farasi akihamishwa kwa lori, hata kilomita 20, chukua kibali cha kusafirisha mifugo, umsafirishe mchana, juu ya sakafu iliyomwagwa maranda au mchanga asiteleze.

Tumefika kwenye chakula. Mtu mwema humwona farasi mbavu nje, anakimbia kuleta debe la mahindi. Mwili ulioshinda njaa kwa wiki nyingi umekwisha kula mafuta na misuli yake wenyewe. Ukiupa wanga kwa ghafla, insulini hupanda, nayo husukuma fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Damu inabaki mikono mitupu, na moyo, figo na misuli ya kupumua hushindwa kazi. Farasi anaonekana kachangamka siku mbili, halafu anaanguka. Hakuna aliyemroga.

Kinachofaa ni lusani kavu, ile ambayo wengine huiita alfalfa. Ina wanga kidogo, ina protini, na inarudisha fosfeti na magnesi. Kwa farasi wa kilo 400 hivi, siku 3 za kwanza mpe nusu kilo kila baada ya saa nne, usiku na mchana: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku, saa nane usiku. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa macho, kwa sababu nusu kilo ya lusani kavu ni fungu dogo linalotia huruma na mkono utakushawishi uongeze. Kuanzia siku ya 4 ongeza polepole na upunguze mizunguko. Siku ya 6 awe anakula karibu kilo 2 kila baada ya saa nane, na hapo ukae hadi siku ya 10. Baada ya hapo mwachie ale nyasi kavu anavyotaka, lusani ikichanganywa na robota la Boma Rhodes, nyasi ya malisho. Lusani ikikosekana kabisa, Boma Rhodes safi isiyo na ukungu itafaa kwa mpangilio uleule. Nafaka asionje kwa wiki kadhaa.

Kujua uzito bila mizani kubwa, zungusha futi ya fundi cherehani kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio, zote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 11,880. Mzingo wa 160 na urefu wa 150 unakupa kilo 323. Rudia kila wiki mbili mahali palepale, uandike.

Vyakula vya ng'ombe vya hapa kwetu ni mtego wa pili. Baadhi ya vyakula vya mifugo vina monensini, dawa ambayo ng'ombe na kuku huistahimili lakini farasi huangamia kwayo: miligramu 2 hadi 3 kwa kilo ya uzito hutosha kuua. Usimpe chakula cha kuku wala mchanganyiko wa ng'ombe usiojua kilichomo. Mahindi yaliyoota ukungu hubeba sumu inayoozesha ubongo wa farasi. Kama boma lina mparachichi, mfunge mbali nao, majani na matunda yote. Na usimnyunyizie dawa ya kupe ya josho bila kusoma kibandiko: yenye amitrazi hulaza utumbo wa farasi, kinyesi kikakauka ndani na msokoto wa tumbo ukafuata. Kupe wa farasi mmoja watolewe kwa mkono.

Maji mpe safi, ndoo nusu kwa vipindi vya dakika 20 mpaka kiu iishe, kisha yawepo daima. Farasi mzima hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku. Weka jiwe la chumvi ya kawaida alambe mwenyewe.

Mgongoni, kazi ni usafi na subira. Chemsha maji, tia gramu 9 za chumvi kwa lita, ambayo ni kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, yaache yapoe yawe vuguvugu, umiminie kidonda mpaka uchafu utoke bila kusugua. Kata manyoya kuzunguka ukingo. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka punda, inachoma nyama changa na kuzuia kidonda kufunga. Spiriti nayo hivyo hivyo. Asali safi iliyopakwa nyembamba inafaa, na nzi wazuiwe kwa kitambaa chepesi mchana. Jihadhari na uvimbe unaotoa usaha pale mabega yanapokutana juu ya mgongo: wakati mwingine kuna bruselosi ndani yake, inayoambukiza watu, kwa hiyo vaa glavu na umwachie daktari.

Siku hiyo hiyo ya kwanza achanjwe pepopunda. Lugha yetu iliupa ugonjwa huo jina lake kwa kuuona kwa punda, na farasi ni wa damu moja naye: ni kati ya wanyama wanaoathirika nao vibaya mno. Kidonda cha mgongo chenye vumbi la barabarani, au msumari uliochoma ukwato, ni mlango wazi. Asiye na rekodi ya chanjo huhitaji kinga ya haraka na chanjo kwa pamoja, sindano mbili sehemu tofauti za mwili.

Kwato zinyanyue moja moja. Kwangua matope, nusa. Harufu ya kuoza katikati ya nyayo ni uozo wa unyevu: sakafu kavu, kukwangua kila siku na ayodini huuondoa. Ukwato wenye joto, mshipa unaodunda kwa nguvu juu ya kisigino, na farasi anayesimama akiegemea nyuma ili aipumzishe miguu ya mbele, hayo ni maradhi ya ndani ya ukwato, mwite daktari usiku huo huo. Fundi wa viatu vya farasi ni adimu; ulizia Gilgil, kunakochezwa polo. Misumari iliyolegea itolewe na anayejua, si kwa nyundo na patasi ya jirani.

Dawa ya minyoo ingoje wiki moja au mbili, mpaka anapokula vizuri, maana minyoo mingi ikifa kwa mkupuo huumiza utumbo dhaifu. Tumia ya kupakwa mdomoni, kwa uzito ulioupima. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe shingoni mwa farasi inaweza kuleta jipu baya. Akitema matonge ya nyasi iliyotafunwa nusu, meno yamechongoka na yanamkata mashavu. Hatanenepa mpaka yasawazishwe.

Akilala asiweze kuinuka, mkalishe kifuani kwa kumwegemeza kwenye magunia ya maranda, mgeuze upande kila baada ya saa mbili hadi nne. Aliyekonda hivyo akipita saa 72 bila kusimama, nafasi yake ni ndogo mno. Kumwomba daktari ammalize bila maumivu hapo ni sehemu ya kumwokoa, ingawa inauma.

Farasi wawili waliosafiri pamoja usiwatenganishe wasionane. Mpweke huacha kula. Walishe kila mmoja na chombo chake, mita kadhaa kati yao, kwa sababu mwenye nguvu atampokonya mwenzake. Boma liwe la miti au waya laini. Seng'enge humchana farasi anaposhtuka. Ukiwa chini, upande wa Kisumu, waingize ndani kabla jua halijazama, maana usubi wa jioni ndio hueneza homa ya farasi ya Afrika, ambayo huua farasi wengi ilhali punda huivumilia.

Uzito wa kawaida hurudi kwa miezi 3 hadi 5, mgongo huchelewa zaidi. Manyoya yataota meupe palipokandamizwa, na weupe huo haufutiki. Kabla ya mtu yeyote kuweka tandiko tena, simama ubavuni mwake asubuhi hajafanya kazi, tembeza vidole gumba pande zote mbili za uti wa mgongo kutoka mabegani hadi kiunoni, ukibonyeza kwa uzito wa kukanda unga. Akiinamisha mgongo, akikunja masikio au akitikisa ngozi mahali palepale mara mbili, ngoja mwezi mwingine, kisha mbonyeze tena.