Fidla hazisikiki: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Waaleikum salaam. Barua imefika, na rekodi pia. Umesema onyesho lenu la taarab asilia hapo Magomeni lilijaa watu, lakini wengi walirudi nyumbani wakisema wamesikia ngoma na sauti ya mwimbaji basi. Fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, hazikuwafikia. Sasa kikundi kina akiba kidogo, wenzako wanataka miksa kubwa, ile mashine ya kuchanganya sauti za maiki, na spika mbili zaidi, nawe unaniuliza kama ni sawa.

Msinunue. Angalau si sasa.

Taarab asilia haina sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu kama kwaya. Fidla, udi wa nyuzi, kanuni, nai (filimbi ya mwanzi) na akodiani zote zinapita njia moja. Wimbo ni ule ule, kila mmoja anautia vionjo vyake. Wakipatana, sauti tano zinakuwa moja nene yenye kung'aa. Wakipishana hata kidogo, sauti zinagombana, na sikio la msikilizaji linaacha ule ugomvi na kushika kilicho wazi, yaani ngoma ya dumbaki na maneno. Miksa kubwa itaukuza huo ugomvi tu.

Tuanze na hesabu. Mko kumi na wanne: fidla mbili, kanuni, udi, nai, akodiani, selo, besi, kisha dumbaki, bongo na rika (tari ndogo), na waimbaji watatu. Hizo fidla mbili ndizo zinazonitia wasiwasi. Fidla moja husikika kama mtu anayeimba. Nne husikika kama kundi, maana tofauti zao ndogo huyeyuka ndani ya wingi. Mbili hazina pa kujificha: moja ikiwa juu ya mwenzake kwa unywele, sauti inatetemeka na kila mtu anajua kuna kitu kibaya ingawa hawezi kukitaja. Ndiyo maana vikundi vya Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja, iliyoanza 1905, na Culture Musical Club ya 1958, vilipofuata mtindo wa okestra za Cairo viliweka safu ya fidla, si fidla moja na msaidizi. Kwa hiyo kwa ile akiba tafuteni fidla mbili zaidi. Wanafunzi wawili wanaoweza kupiga majibu tu, yale mapigo mafupi baada ya kila mshororo, wanatosha. Kwenye ubeti wanyamaze. Na ala ziwe mali ya kikundi, si ya mpigaji, ili mtu akihama au akinuna fidla isiondoke naye.

La pili ni kutuni, yaani kulinganisha sauti za ala, na hapa ndipo rekodi yenu ilipoharibika. Dakika tano za mwanzo mko sawa kabisa. Wimbo wa tatu kanuni imeshashuka. Sababu ni ngozi. Daraja la kanuni linakalia vipande vya ngozi, mara nyingi ya samaki, na ngozi hunywa unyevu. Mlituni ndani ya chumba alasiri, mkatoka nje baada ya Isha hewa imeshakuwa nzito. Ngozi ikalegea, nyuzi zote zikashuka pamoja. Kanuni ina nyuzi 72 hadi 81, zimefungwa tatu tatu, hivyo hakuna mtu atakayeirekebisha katikati ya onyesho. Itoeni nje kwenye mkoba wake saa moja na nusu kabla ya onyesho, iachwe nusu saa bila kuguswa izoee hewa, ndipo ituniwe pale pale itakapopigiwa. Mpeni mpigaji dakika arobaini za kimya. Kimya kweli, maana hilo ndilo jambo ambalo kikundi hulisahau: huyu anatuni, yule anajaribu bongo pembeni.

Nani amfuate nani? Akodiani haituniki ukumbini, sauti yake imewekwa kiwandani, basi yeye ndiye mkubwa. Pima nota yake ya La kwa programu ya simu. Kama ni mitetemo 440 kwa sekunde sawa, kama ni 442 nyote mnakwenda 442. Kanuni inaifuata akodiani, fidla na selo zinaifuata kanuni, kisha udi na besi. Mwenye nai apulize dakika kumi kwanza, kwa sababu nai ikipata joto la pumzi hupanda. Akituni ikiwa baridi atakuwa juu ya wenzake wimbo mzima.

Lakini huyo mkubwa ana kasoro yake. Akodiani ya kawaida haina robo, yaani nota inayokaa katikati ya mbili zinazofuatana. Katika maqamu (ngazi ya nota) ya rasti inayoanzia Do, nota za Mi na Si hushushwa robo. Katika bayati inayoanzia Re, Mi ni hiyo hiyo ya robo. Fidla na udi huipata kwa kidole, kanuni kwa vile vyuma vidogo vya kugeuza vilivyo karibu na vigingi. Akodiani haiipati kabisa, itabonyeza ama ya juu ama ya chini, na nyimbo mbili kati ya zenu zimechubuka hapo hapo. Mwambieni ndugu yetu wa akodiani aziruke nota hizo, au akae kimya nyimbo za rasti na bayati na ashike maqamu za nahawandi na hijazi, ambako atang'ara. Hatafurahi. Mpeni utangulizi wa wimbo mmoja apige peke yake, atatulia.

Kuhusu fidla zenyewe: vigingi vikikwama kwa unyevu, paka sabuni kavu, vikiteleza, paka chaki. Nyuzi badilisheni mmoja mmoja. Ukizilegeza zote kwa pamoja, daraja linaanguka na kile kijiti kilichosimama ndani ya fidla kinaanguka nacho, na kukisimamisha tena ni kazi ya fundi. Kila baada ya kutuni tazameni daraja kwa ubavu, kwa sababu huvutwa polepole kuelekea kwenye vigingi, na likishainama sana hupinda.

Sasa mkao. Kwenye picha fidla ziko kulia kwa watazamaji. Fidla hukaa bega la kushoto, na uso wake wenye zile tundu mbili unaelekea kulia kwa mpigaji. Mkimkalisha kulia kwa watazamaji, sauti inakwenda nyuma yenu. Mhamisheni kushoto kwao, sauti ile ile itawafika bila kuongeza hata spika moja. Kanuni iwe mbele katikati kwa kuwa sauti yake ni ndogo, udi kando yake, nai na akodiani upande wa kulia, selo na besi nyuma yao. Ngoma ziwe nyuma kabisa, wapigaji wakimwona kiongozi. Waitikiaji msiwaweke mbele ya fidla hata kama wamevaa sare nzuri.

Maiki: moja ya mwimbaji, moja ya waitikiaji, moja ya kanuni, moja ya udi, mbili zininginie juu ya fidla kama mita moja. Ngoma zisipewe maiki. Dumbaki hufika mwisho wa ua kwa mkono mtupu. Miksa ya njia nane inabeba haya yote na nafasi inabaki. Spika ziwe mbele ya wapigaji, si ubavuni. Matumbo ya udi na kanuni ni matupu, yakirudishiwa sauti na spika huanza kuvuma kabla ya kitu kingine chochote. Na ule uwanja wenye turubai uacheni. Tafuteni ua wenye kuta tatu, hata ukibana watu mia. Ukuta unairudisha fidla, turubai halirudishi kitu.

Mazoezi nitasema kwa ufupi kwa sababu mnajua. Kila kikao kianze na nusu saa ya fidla na kanuni peke yao, mwendo wa pole, bila ngoma. Ngoma inaficha makosa. Amueni kila upinde wa fidla unapopanda na unaposhuka, mwandike juu ya karatasi. Pinde nne zikienda pamoja, hata mapumziko yanalingana. Midundo ya ngoma, wahed unus na bolero, iingie sauti zikishatulia.

Halafu kuna kutunza, yaani watu kumpelekea mwimbaji pesa, na hili hamkulipanga kabisa. Akinamama waliposimama na noti zao wimbo ulikuwa ubeti wa mwisho, mkamaliza wakiwa njiani. Aibu kwao, hasara kwenu. Kiongozi awe na ishara moja, mathalani upinde juu, maana yake: rudieni kiitikio mpaka niushushe. Acheni njia ya mita moja na nusu mbele ya mwimbaji, waya zote zipite nyuma na zibandikwe chini, maana dera refu na waya havipatani. Pesa zote ziingie bakuli moja, na mgao ujulikane kabla ya siku yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo ya kutunza, nyimbo saba kwa usiku ni nyingi. Fungueni kwa bashraf (utangulizi wa ala bila maneno) ya dakika tano, sikio la watu litulie kwenye ala kabla ya maneno, kisha nyimbo tano.

Kabla ya kutumia hata shilingi ya ile akiba, fanyeni jaribio moja. Kaeni kwa mkao huu mpya uani, zimeni spika zote, pigeni ubeti mmoja bila ngoma, simu ikirekodi kutoka mstari wa nyuma. Kisha ubeti huo huo na ngoma. Nitumie zote mbili, ile ya bila ngoma kwanza.

Mamako